IST yangu: nimwage oili mwenyewe au nimwachie fundi?

Nati ya kumwagia oili kwenye Toyota IST inafunguliwa kwa spana namba 14. Siku ya kwanza nilipolala chini ya gari langu kuifungua, ilinigomea. Nilivuta, nikasukuma kwa mguu, mwisho nikachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu zaidi. Ilipoachia ilitoka na vipande vya meno yake, vyembamba kama nywele, vinang'aa ndani ya oili nyeusi. Aliyeifunga kabla yangu aliikaza kwa nguvu zake zote, na huenda waliomtangulia walifanya hivyohivyo. Miaka miwili nzima nililipia sevisi ya gari hilo na sikuwahi kuiona nati hiyo kwa macho yangu.

Tangu hapo kazi nyingine nazifanya mwenyewe, nyingine napeleka kwa fundi, na wenzangu kazini hawachoki kuniuliza: inalipa? Wengi wao wameona video za Wamarekani wanaobadilisha breki nyumbani na kusema wameokoa mamia ya dola. Kule ni kweli. Gereji zao zinatoza ufundi kwa saa, na saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya pedi zenyewe. Hapa Dar es Salaam hesabu imegeuka. Mara ya mwisho kufanyiwa sevisi ya oili gerejini nililipa ufundi shilingi 10,000. Fedha nyingine yote ilikwenda kwenye oili na filta, vitu ambavyo ningevinunua hata kama ningeshika spana mimi. Ukitaka kujifanyia ili ukwepe ufundi, hicho unachookoa hakitanunua hata jeki ya maana mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo bei ya ufundi mimi nimeiweka pembeni. Ninapoamua kazi ifanywe na nani, najiuliza mambo mawili: nani anaona kinachoingia kwenye gari, na kazi ikikosewa kinatokea nini? Maana kinachokula fedha gerejini ni spea feki, spea isiyohitajika, na ule mtindo wa "tubadilishe hiki kwanza tuone". Nitatumia IST ya toleo la kwanza, ile iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, kwa kuwa ndiyo ninayoijua na imejaa mitaani kwetu. Mwenye Vitz, Spacio au Premio ya miaka hiyo atakuta mengi yanafanana.

Oili na filta yake

Hii ni kazi ambayo ningependa kila mwenye gari aifanye walau mara moja, hata kama hatairudia tena.

Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST ya cc 1500, inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Galoni ya dukani ni lita 4. Gereji niliyokuwa naenda walimimina galoni nzima kila mara, kwa sababu mteja ameshainunua. Lita 0.3 za ziada peke yake haziui injini, lakini kama oili ya zamani nayo haikuachwa ikachuruzika vizuri, ziada inajilimbikiza, kijiti cha kupimia oili kinasoma juu ya alama ya F (imejaa), na kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaanza kuipiga oili mpaka inatoa povu. Povu halilainishi chuma. Ukifanya mwenyewe unamimina lita tatu na nusu, unasubiri, unachomoa kijiti, unafuta, unarudisha, unasoma tena, kisha unaongeza kidogokidogo. Fundi mwenye magari matano kwenye foleni hana dakika hizo.

La pili ni filta. Sevisi moja niliwakabidhi filta niliyoinunua mwenyewe, ya rangi nyeupe. Nilipokuja kujimwagia oili mara iliyofuata, nikakuta iliyofungwa ni nyeusi. Mpaka leo sijui yangu ilikwenda wapi wala hiyo nyingine ilitoka wapi, na gereji hiyo sikurudi.

Kazi yenyewe si ngumu. Washa injini dakika chache oili ipate joto, isiwe ya kuunguza. Zima, fungua kifuniko cha juu, fungua nati ya chini, acha ichuruzike mpaka iwe matone ya kuhesabika. Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati ya chini irudi na washa mpya, ile pete bapa inayoziba mvujo, na ianzwe kwa vidole. Ikikataa vidole, usiilazimishe kwa spana, kwa sababu imeingia upande na utakula meno yote. Mara yangu ya kwanza nilitumia saa mbili. Sasa ni kama dakika arobaini, pamoja na kunawa.

Gereji inakushinda kwenye jambo moja: shimo. Fundi anashuka na kufanya kazi amesimama. Wewe inabidi uinue gari, na hapo ndipo kazi nyepesi inapoweza kuua mtu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde za kuokota nati. Tumia stendi za chuma. Tofali la saruji halitoi onyo, linapasuka mara moja. Na viwanja vyetu vingi vina mchanga, jeki inazama taratibu huku wewe unaangalia juu. Weka ubao mpana na mnene chini yake, vuta handibreki, weka magogo kwenye matairi yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama linacheza kabla hujalala.

Oili chafu usiimwage kwenye mtaro. Ijaze kwenye dumu, ipeleke gereji yoyote, wataipokea kwa mikono miwili kwa sababu wanaiuza kwa watu wa kupaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa.

Vitu vidogo ambavyo hakuna sababu ya kulipia

Mipira ya waipa, balbu, fyuzi, maji ya waipa, filta ya hewa ya injini na ile ya AC iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Hizi ni dakika tano hadi kumi kila moja, na filta ya hewa ya IST inafunguliwa kwa klipu bila spana yoyote. Ukichomoa ile ya AC kwa mara ya kwanza jiandae kukuta majani, vumbi la mwaka mzima, pengine na manyoya ya ndege.

Plagi na koili

Hapa ndipo nilipookoa fedha ya kweli, na sikuiokoa kwenye ufundi.

Asubuhi moja kwenye foleni ya Morogoro Road gari lilianza kutetemeka kila niliposimama, taa ya cheki injini ikawa inawaka na kuzima. Nilipitia kwa fundi mmoja wa njiani. Alifungua boneti, akasikiliza, akasema, "Dada, koili zimechoka hizi. Nunua zote nne, utulie." Huenda alitaka kunisaidia kweli, lakini koili nne, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, ni fedha ya kukaa chini na kuifikiria. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani polepole.

Nilikuwa na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma makosa kupitia simu. Kikasema P0302, yaani silinda ya pili hailipuki sawasawa. Silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa cheni. Kwenye injini hii kila plagi ina koili yake juu, imeshikwa na nati moja ya spana namba 10 na soketi moja ya waya. Nikasubiri injini ipoe, nikachomoa koili ya pili nikaiweka kwenye silinda ya tatu, ya tatu nikaiweka ya pili, nikafuta kosa, nikawasha. Taa iliporudi, kosa lilikuwa P0303. Ugonjwa umehama na koili. Nikanunua koili moja.

Kosa lingebaki P0302, ningejua koili ni nzima na tatizo liko kwenye plagi, nozeli ya kunyunyizia petroli au ndani ya injini kwenyewe, na hapo ningempelekea fundi nikiwa na jibu nusu mkononi. Jaribio hilo halikunigharimu hata shilingi. Ukinunua kifaa cha kusomea, kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya vile vya bei ndogo havielewani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani.

Plagi zenyewe zinahitaji boksi spana namba 16 ndefu, yenye mpira au sumaku ndani. Zifungue injini ikiwa baridi, maana kichwa cha injini ni cha aluminiamu na kikiwa cha moto meno yake yanaharibika kirahisi. Anza kila plagi kwa mkono. Halafu ziangalie za zamani kabla ya kuzitupa. Rangi ya kahawia iliyopauka ni ya kawaida. Masizi makavu meusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa oili, ndani kuna sili au ringi imechoka. Gerejini plagi za zamani huwa zinaishia kwenye ndoo na hakuna anayekusomea habari zilizoandikwa pale.

Kwenye plagi fanya mwenyewe, au simama pale pale na uzinunue mwenyewe. Plagi feki zipo nyingi na maboksi yake yanapendeza kuliko ya halali.

Betri

Gari likikataa kuwaka asubuhi, mtu anaweza kuambiwa betri, olteneta na stata vyote vimekufa kwa siku moja. Nunua mita ndogo ya umeme. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu wakati injini inawaka, olteneta haichaji. Ikichaji vizuri lakini asubuhi imeshuka tena, ama betri imezeeka ama kuna kitu kinakula umeme usiku.

Kabla ya yote hayo angalia vichwa vya betri. Ule ungaunga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita, na nimeona betri nzima ikibadilishwa kwa sababu yake. Maji ya moto yenye magadi kidogo yanautoa, kisha suuza, kausha, kaza. Kwenye kufungua anza na hasi, kwenye kufunga malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche za kukutoa roho.

Breki

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu mara mbili.

Mwanzoni nilisema breki sigusi kabisa. Kisha nikatazama fundi anavyobadilisha pedi za mbele, nikaona ni kazi ya nati mbili kila upande: unafungua, unainua kalipa (kile kibanio cha pedi), unatoa pedi zilizokwisha, unairudisha pistoni ndani kwa klempu, unaweka mpya. Nikajifanyia. Nilipomaliza niliingia kwenye gari, nikakanyaga breki, na pedali ikazama mpaka chini bila kushika chochote. Moyo ulinienda mbio, na gari lilikuwa bado limesimama uani. Nilikuwa sijapampu. Pistoni ikirudishwa ndani, inabidi ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata inchi moja. Nilikuwa nimesoma hilo, na bado lilinitoka.

Kwa hiyo msimamo wangu sasa ni huu. Ukaguzi ni wako. Ukivua tairi kubadilisha pancha, chungulia unene wa pedi, na zikibaki kama milimita 3 panga kubadilisha. Kile kilio chembamba unachosikia ukitembea mara nyingi ni kichuma kidogo kwenye pedi kinachogusa diski kukuonya. Ukisikia sauti nzito ya kukwaruza, umechelewa, chuma kinakula diski. Pedi za mbele unaweza kufunga mwenyewe ikiwa umeshatazama mara mbili na kuna mtu anayejua wa kukukagua. Brekishuu za nyuma zenye springi zake, mipira ya mafuta ya breki, kutoa hewa, silinda masta, hivyo mpe fundi. Oili ukiikosea utaona doa sakafuni. Breki ukizikosea utaona kwenye mteremko, na hutakuwa peke yako barabarani.

Na hata kwa fundi, pedi nunua mwenyewe kwenye duka unaloliamini, mpe zikiwa kwenye boksi, simama pale. Fundi mzuri hachukii mteja anayesimama.

Rejeta na joto

Kazi yako ni kuangalia kiwango kwenye kopo la akiba kila wiki na kutumia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji ya bomba yanaleta kutu na magamba ndani ya rejeta. Kifuniko usikifungue injini ikiwa ya moto. Mfumo ule unafanya kazi kwa shinikizo, maji yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanachemka yote kwa pamoja usoni mwako.

Gari likichemsha, peleka kwa fundi, lakini nenda na swali moja: "Thamostati ipo?" Ni vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, na mafundi wengi wanaitoa na kuitupa, wanasema kwa joto la huku haina kazi. Ina kazi. Inaiwezesha injini kufika kwenye joto lake na kubaki hapo. Ikitolewa, injini inakimbia baridi barabara ndefu, inakula petroli zaidi, na chanzo cha kuchemsha, iwe feni isiyozunguka au rejeta iliyoziba, kinabaki kimejificha mpaka siku silinda hedi inapopinda. Wewe ukijua hivyo, humwachii mtu akufiche ugonjwa kwa kuitoa thamostati.

Ambayo mimi sigusi

Shokapu na springi zake, kwa sababu springi iliyobanwa ikiponyoka inavunja mfupa. Boljointi na bushi zinazohitaji presi. Gesi ya AC. Eabegi. Alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa matairi, maana haina jicho la kubahatisha, inataka mashine. Gia boksi nayo sifungui, ila oili yake nanunua mwenyewe. IST ya kwanza ina gia boksi ya kawaida ya otomatiki inayotumia ATF (oili ya gia za otomatiki) aina ya T-IV, IST nyingi za toleo la pili zina CVT, gia boksi isiyo na gia za hatua, na oili za hizo mbili haziingiliani. Kumwachia mtu mwingine achague "ATF yoyote nyekundu" ni kamari ya bei ya gia boksi nzima.

Kabla hujanunua spana

Angalia unapoishi. Kama umepanga na uwanja ni wa watu sita, doa la oili mbele ya mlango wa jirani litakugharimu zaidi ya shilingi 10,000. Tandika boksi na nailoni, au uombe kona ya gereji, wengine wanaruhusu. Kitabu cha gari lako huenda kimekuja na gari kutoka Japani na kimeandikwa Kijapani, lakini lita, namba za oili na picha zinasomeka. Kariri na namba ya bodi kwenye kile kibati cha chuma, kama NCP60 au NCP61, ndiyo utakayoulizwa Kariakoo ukitafuta spea, na ukiitaja bila kusita muuzaji anabadilisha namna ya kukuhudumia.

Vifaa vyangu ni boksi spana moja, jeki ya gurudumu, stendi mbili, mita ya umeme, kifaa cha kusoma makosa na beseni. Nimevinunua kwa mwaka mzima, kimoja kimoja. Asiye na muda huo, au ambaye mgongo wake hauruhusu kulala chini, asijisikie vibaya. Anunue oili na spea mwenyewe, asimame karibu, aombe kuoneshwa kilichotolewa. Atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida ninayoipata mimi.

Ile nati iliyokula meno niliirudisha siku ile ikawa inavuja tone moja kila baada ya muda. Sikuwa na la kufanya, kazi hiyo inataka tapu, chombo cha kuchonga meno upya, na mkono uliozoea. Nikaenda kwa fundi wa jirani yetu, mzee mmoja aliyejifunza kazi chini ya mwembe miaka mingi iliyopita. Aliingiza tapu taratibu, akairudisha nyuma kila nusu mzunguko kutoa vumbi la chuma, akasafisha, akachukua nati mpya ya kubwa kidogo akaianza kwa vidole viwili. Ilizunguka mpaka mwisho bila spana. Akaichomoa tena, akanyoosha mkono kutoka chini ya gari.

"Mwanangu, washa yake mpya unayo?"

Nilikuwa nayo mfukoni.